Mvinyo haupigwi faini: jibu kwa dada wa ofisini anayeteswa na neno "fine"

*"Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya kazi ofisini kwa watu wanaotengeneza mvinyo hapa Dodoma, ni kiwanda kidogo tu, napokea wageni na kujibu meseji na imeili. Neno linalonitesa ni 'fine'. Bosi alinipa karatasi ya Kiingereza inayoelezea mvinyo wetu niitafsiri iwekwe kwenye kipeperushi, kuna sehemu imeandikwa 'the wine was fined with egg white', mimi nikaandika mvinyo ulitozwa faini ya ute wa yai. Ofisi nzima walicheka, mpaka leo wananiita Trafiki. Alafu kuna mgeni nilimuuliza nimuongezee glasi akasema 'I'm fine', nikajua kafurahi nikamjazia, akabaki ananiangalia tu. Mteja mwingine nilimwandikia kwamba mzigo utachelewa siku tatu akajibu 'Fine.' basi, nikamwambia bosi mteja karidhika, kumbe kakasirika kaenda kununua kwingine. Nikaambiwa tatizo langu ni msamiati mdogo, nikashusha kwenye simu orodha ndefu ya visawe vya fine nikaanza kuvitumia, nikamjibu mgeni 'I am exquisite, thank you', akacheka. Naomba nisaidie, hili neno lina maana ngapi na kisawe gani kinakaa wapi? Na ni kweli kwamba wazungu siku hizi hawasemi tena I'm fine?"*

Marahaba dadaangu, na wengine mnaosoma, mbukwenyi. Nisikudanganye, hapo kwenye faini ya ute wa yai na mimi nimecheka mpaka wife akaja kuuliza kuna nini. Lakini nilipomaliza kucheka nikaona kosa lako ni la mtu mwenye akili, maana ulifanya kile ambacho kila mtu angefanya, ulichukua maana unayoijua ukaibebesha sentensi. Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa mjini mwaka wa kumi na tisa sasa, na "fine" ni kati ya maneno matatu manne yanayowaangusha hata watu waliomaliza chuo, kwa sababu ni fupi, tumelijua tangu darasa la kwanza, "we are fine thank you teacher", darasa zima mnaimba mmesimama, basi mtu anaona hili nishalimaliza.

Ngoja nianze na hilo uliloambiwa, la msamiati mdogo. Hapana. Aliyekwambia hivo kakupoteza na ndo kakupeleka kwenye orodha. Shida yako ni kwamba umechukulia "fine" kuwa neno moja lenye maana moja inayozunguka zunguka, "nzuri", wakati ni maneno kama sita hivi yanayovaa shati moja. Na sisi tunayo ya hivo hivo, ila kwa kuwa ni yetu hatuyaoni. Chukua neno kali. Kisu kikali, mwalimu mkali, jua kali, pilipili kali, dawa kali, goma kali. Sasa mimi nikuombe kisawe cha kali. Utanipa kipi? Ukisema "yenye makali" nitapata kisu, lakini siwezi kusema mwalimu mwenye makali watoto wakaelewa ninachomaanisha, wataona kashika panga. Kwa hiyo kali haina kisawe, kisu kikali ndo chenye kisawe, mwalimu mkali ndo mwenye kisawe. Hapo ndo penye siri yote ya swali lako na ningeweza kuishia hapa ila najua hutoridhika.

Kuna jaribio moja nawapa wanafunzi wangu, usihangaike kutafuta maana, tafuta kinyume. Kisu kikali kinyume chake butu. Mwalimu mkali kinyume chake mpole. Goma kali kinyume chake bovu. Vinyume vitatu tofauti maana yake una maneno matatu tofauti, hata kama yameandikwa sawa. Fanya hivo hivo kwa fine kila unapokutana nalo, jiulize hapa ingekuwa siyo fine ingekuwa nini.

Juzi juzi hapa kwangu Nkuhungu kulikuwa na mafundi wanapiga plasta ukuta wa nje. Kijana mmoja kasimamisha lile chekeche kubwa la waya, kaliegemeza kwenye gogo, anarusha mchanga kwa chepe, laini unapita chini, vikokoto vinateleza mbele ya miguu yake. Na upande wa pili mama mkwe kakaa kwenye kigoda na chekeche lake la jikoni, anachekecha unga wa uwele, anaugonga gonga ukingo kwa kiganja, chenga zinabaki juu anawamwagia kuku. Nikamwambia mwanangu wa form two, hapo wote wawili wanatafuta fine. "Fine sand", "fine flour". Kinyume chake ni "coarse", yenye chenga, yenye kukwaruza. Ndo maana ukishika BOQ ya nyumba, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, unakuta imeandikwa "fine aggregates" na "coarse aggregates", ya kwanza ni mchanga na ya pili ni kokoto, hakuna aliyesifia mchanga kwamba una tabia nzuri. Kwa maana hii visawe vyake ni "thin", "powdery", "delicate" kama ni uzi au kitambaa. Na ndo hapo inapotoka "fine print", yale maandishi madogo madogo chini ya mkataba wa mkopo ambayo hatusomi alafu tunalia.

Sasa twende kwenye mvinyo maana huko ndo ulikoumia. Kuna kitenzi "to fine" ambacho watu wa mvinyo wanakitumia kila siku na mtu mwingine wa kawaida hakisikii maisha yake yote, hata Mwingereza wa mtaani ukimwambia "we fined the wine" anaweza kukuuliza kwa kosa gani. Maana yake ni kuufanya mvinyo uwe safi, ung'ae, uache ukungu na ule ukali unaokausha ulimi. Unajua watu wanavotumia shabu kutuliza maji ya kisima au ya bwawa yenye tope, au bibi zetu walivotumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, unakoroga, unaacha, uchafu unashikana unazama chini, unachota maji ya juu? Kanuni ndo hiyo. Ute wa yai una protini, protini ile inashikana na tanini za mvinyo mwekundu, ndo zile zinazokufanya ukunje sura, zinakuwa nzito zinashuka chini kama mashapo, alafu mvinyo unahamishwa pipa lingine taratibu mashapo yabaki. Kwa mvinyo mweupe mara nyingi wanatumia udongo unaoitwa bentonaiti, wenyewe unavuta protini zinazoleta ukungu. Na wapo wanaotumia kitu kinachotengenezwa kwa vibofu vya samaki, yale watu wa Mwanza wanaita mabondo. Kwa hiyo sentensi yako ilikuwa tu "mvinyo huu ulisafishwa kwa ute wa yai". Ungeweza pia kusema ulitulizwa, mimi binafsi napenda ulitulizwa ila wateja wataelewa haraka zaidi ulisafishwa.

Na hapo usichukulie kama kichekesho tu. Kuna watu yai linawadhuru, na kuna wasiokula kabisa kitu cha mnyama, hao wanasoma mstari huo kuliko mistari mingine yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka lebo ya mvinyo itaje yai au maziwa kama yametumika kusafishia na mabaki yake bado yanapimika kwenye chupa. Mgeni akisoma kwamba mvinyo umepigwa faini atacheka na kunywa, akisoma umesafishwa kwa yai ataweza kuamua mwenyewe.

Utauliza sasa, hiyo faini ya trafiki na huu mchanga laini na mvinyo safi vimekutanaje kwenye neno moja, au ni bahati mbaya tu kama sisi na laini? Maana laini ya simu imetoka kwa Waingereza na laini ya unga imetoka kwa Waarabu, hayajuani kabisa, yamekutana tu Kariakoo. Fine siyo hivo. Yote ni ukoo mmoja. Babu yao ni neno la Kilatini "finis", maana yake mwisho, mpaka. Likapita Ufaransa likawa "fin", alafu likaingia Uingereza zama za kati. Kitu kilichofikishwa mwisho wa ubora, kilichochujwa mpaka hakuna cha kuchuja tena, ndo kikaitwa fine. Na vijana wetu wanasema hivo hivo bila kwenda Roma, "goma kali mwisho", "anapika mwisho".

Na faini? Hii naipenda sana. Zamani kule ukigombana na mtu au ukimkosea mkubwa wako, mnakaa, unatoa hela, shauri limefika mwisho, na ile hela ya kufikisha mwisho ndo ikaitwa fine. Wewe umekulia huku, unajua mzee akisema "njooni tuyamalize" anamaanisha nini, kuna mbuzi anatafutwa hapo. Basi faini ni cha kuyamalizia. "Finish", "final" ni ndugu zake, hata "finance" ilianza na maana ya kumaliza deni, ingawa mimi madeni yangu hayaishi. Kiswahili kikachukua hiyo maana moja tu ya adhabu, kikaiandika faini, na ndo maana ukiona "fined" kichwa kinakimbilia barabarani. Siyo ujinga, ni kwamba hiyo ndo fine pekee iliyopewa uraia huku kwetu.

Haya, mgeni wako na glasi. "I'm fine" ina kazi mbili. Mtu akikuuliza hali, ni jibu la salamu, sawa na nzuri au salama. Lakini mtu akikuuliza kama unataka kitu, chai, glasi, mfuko, lifti, basi "I'm fine" ni hapana asante, nimetosheka. Kinyume chake hapo siyo naumwa, kinyume chake ni "yes please". Kwetu mtu akikataa chakula anasema nimeshiba, au asante tu huku anashika tumbo, na Mgogo mwenyeji wako hakubali hiyo hapana ya kwanza, atakubembeleza mpaka ya tatu, kwa hiyo hata ungeelewa nadhani ungemjazia tu! Mimi lilinikuta nikiwa kijana, nilikuwa nawasindikiza wageni fulani vijijini upande wa Mvumi, mama wa watu kamimina chai, mgeni anasema I'm fine, I'm fine, nami natafsiri anasema yeye hajambo, mama anazidi kufurahi anamimina. Yule baba alikunywa vikombe vinne na ile chai ilikuwa na tangawizi ya kufa mtu. Nimekuja kuelewa nilichomfanyia miaka kadhaa baadae.

Visawe vya hiyo kukataa ni "I'm good", "I'm okay", "no thanks", "I'm all right". Ona kwamba hapo "well" haiingii. Ukiulizwa nikuongezee ukajibu "I'm well" umejibu daktari.

Ile "Fine." ya mteja ndo ngumu kuliko zote, na hapa kamusi haikusaidii kwa sababu maana iko kwenye ufupi. Fikiria umemwandikia mumeo kwamba utachelewa kurudi kuna kikao. Akijibu "sawa mama, hamna shida, kuwa makini njiani", umepona. Akijibu "Haya." peke yake, na nukta juu, wewe unajua kabisa huko nyumbani kuna moto. "Fine." ndo hiyo haya. Mtu akikubali kwa roho nyeupe kwa Kiingereza huwa anaongeza maneno, "that's fine, thanks for letting me know", "fine with me", "no problem at all". Ikija kavu, tena baada ya habari mbaya, ichukulie kama mtu kanuna mpaka uthibitishe vingine. Wapo wanaoandika kifupi kwa sababu wako kwenye gari, kweli, lakini ukimjibu kwa upole hujapoteza kitu. Ungemwandikia "I'm sorry about the delay, would you like us to send part of the order now?" pengine asingeondoka. Pengine. Siwezi kukuahidi, watu wa biashara wana sababu zao.

Alafu kuna jambo hukuuliza ila litakukuta, kwa kuwa unauza. "A fine wine" na "the wine is fine" ni vitu viwili tofauti. Fine ikikaa mbele ya jina ni sifa kubwa, mvinyo wa daraja la juu, "excellent", "superb", "first-rate". Ikikaa baada ya "is" inashuka thamani kabisa, inakuwa inanyweka, haina tatizo, "all right". Kwa hiyo mgeni akionja Makutupora yenu nyekundu akasema "it's fine", usikimbilie kuiweka kwenye stetasi kwamba wageni wanausifia, kasema tu haujaharibika. Na "a fine mess" ni kejeli, sawa na sisi kumwambia mtoto aliyemwaga maziwa umefanya la maana kweli.

Kuhusu orodha yako ya visawe. Jamaa anayejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni daktari mmoja wa Uingereza, Peter Mark Roget, alianza orodha yake mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe akaichapisha 1852 akiwa na miaka 73. Na ukiifungua yake utaona hakupanga kwa alfabeti, alipanga kwa mawazo, unatafuta kwanza unataka kusema nini alafu ndo unapewa maneno. Hizi za kwenye simu zimekusanya maana zote za fine zikazimwaga pamoja kama mtumba wa Sabasaba, "exquisite" imelala juu ya "penalty" na chini yake kuna "sunny". "Exquisite" ni nzuri sana kwa shanga, kwa shela, kwa ladha ya zabibu, ni uzuri wa kazi ya mkono iliyotulia. Mtu akiuliza hujambo ukamjibu exquisite ni kama umejibu "mimi ni nakshi". Ndo maana alicheka, na nadhani alicheka kwa kukupenda.

Kwa salamu shika tatu tu, "I'm well", "I'm good", "I'm doing all right". Kwa hali ya hewa "clear", "dry", "sunny". Kwa tofauti ndogo isiyoonekana haraka, "a fine distinction", tumia "subtle". Na hapana, siyo kweli kwamba "I'm fine" imekufa, hao wa video za intaneti wanakuuzia kozi. Watu wanaisema kila siku, London, Nairobi, popote. Ila inasikika kawaida sana, haina rangi, na ukiisema kwa sauti ya chini mtu anaweza kukuuliza una nini. Kama poa ya mtu aliyefiwa.

Sasa sehemu ya kutokufanya mwenyewe. Kwenye mikataba, "fine" na "penalty" zinafanana zikikaa kwenye orodha lakini hazibadilishani. Faini ni pesa unayotozwa na mahakama au mamlaka, "penalty" ni pana zaidi, ni adhabu yoyote, hata kifungo, hata ile ya mpirani, na kwenye mikataba ya biashara ile hela ya kuchelewesha mzigo huitwa "penalty", siyo "fine". Ukiletewa mkataba wa kuuza nje wenye maneno hayo mpelekee wakili aukalie, usitegemee simu wala usinitegemee mimi. Lebo ya chupa nayo, kabla haijaenda TBS, mwite mtengeneza mvinyo wenu akae na wewe nusu saa akuonyeshe kwenye tangi kila neno la karatasi ile linafanya nini, ukishaona kwa macho hutokosea tena. Na kama wanataka tafsiri yenye muhuri, BAKITA wanafanya kazi hiyo, au ulizia watu wa idara za lugha pale UDOM wakuelekeze.

Na hao wanaokuita Trafiki, waulize wanitafsirie "aged on fine lees", maana karatasi za mvinyo huwa zinayo hiyo na nina wasiwasi hakuna hata mmoja anayeijua. Wewe sasa unaiweza, "lees" ni yale mashapo. Kinyume chake kwenye mvinyo ni "gross lees", yale mashapo mazito ya mwanzo yenye maganda na mbegu.